Chema Chajiuza? Nyumba ya Coty na Hatima ya Harufu Zake

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeitungia insha zisizohesabika, na ni nadra kumsikia mtu akiitilia shaka. Katika makala haya ninanuia kuitilia shaka. Shahidi ninayemwita nimemtoa mbali na pwani yetu. Ni nyumba ya manukato ya Coty, iliyoasisiwa jijini Paris mwaka 1904, ambayo historia yake husimuliwa kana kwamba ni methali hiyo hiyo iliyovishwa vazi la Kifaransa.

Kisa chenyewe husimuliwa hivi. Kijana mmoja kutoka kisiwa cha Corsica, François Coty, alikuwa ameunda manukato ya waridi aliyoyaita La Rose Jacqueminot, kwa jina la aina ya waridi jekundu lililopendwa mno zama hizo. Alizunguka nayo madukani akakataliwa kila alikobisha. Hatimaye akafika katika duka kubwa la Grands Magasins du Louvre, na huko pia akaambiwa aende zake. Iwe ni kwa hasira, iwe ni kwa bahati mbaya, chupa ilimponyoka, ikaanguka na kuvunjika. Harufu ikatanda. Wanawake waliokuwa wakinunua bidhaa nyingine wakaacha walichokuwa wakikifanya, wakakusanyika, wakauliza yauzwa wapi manukato hayo. Wenye duka wakabadili nia papo hapo, na kijana akatoka akiwa na agizo la mamia ya chupa mkononi.

Mwanafunzi yeyote aliyepitia darasa la fasihi simulizi atatambua mara moja kwamba hapa tuna mighani, na mighani iliyokamilika viungo vyote. Shujaa ni yatima: alizaliwa Ajaccio tarehe 3 Mei 1874, akaitwa Joseph Marie François Spoturno, akawapoteza wazazi wake angali mtoto. Anaianza safari: anakwenda Paris, ambako mwanasiasa Mkorsika, Emmanuel Arène, anamfanya katibu wake. Anampata msaidizi: rafiki yake Raymond Goery, mwenye duka la dawa, ambamo shujaa anachanganya michanganyo yake ya mwanzo. Anapelekwa jandoni: mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, katika kiwanda cha akina Chiris, anakojifunza siri za maua. Anabadilisha jina, na kulitwaa la ukoo wa mamaye, Coti, akiifuta irabu ya mwisho na kuandika nyingine iliyopendeza zaidi machoni pa Waparisi. Kisha linakuja jaribio, kizuizi, muujiza na ushindi. Hata anguko lake, kama tutakavyoona, linatokana na kasoro yake mwenyewe, kama inavyowapata majagina wengi wa mighani.

Mhakiki anapokutana na kisa kilichonyooka namna hii hana budi kusimama. Tangu zamani wamekuwapo wasemao kwamba chupa ile haikuponyoka bali ilitupwa kwa makusudi, na kwamba baadhi ya wale wanawake walikuwa wamepangwa. Mimi sitaki kuamua kesi hiyo. Hoja yangu ni kwamba hata tukikubali kila neno la kisa kama lilivyo, methali yetu haisalimiki. Manukato yale yalikuwa mema tangu yalipokuwa chupani, na wema huo haukumshawishi mtu. Yalitembezwa mlango hata mlango. Ilibidi yavunjwe ndipo yanuswe. Kama huku ndiko kujiuza, basi sijui kujitembeza ni kupi.

Nilipolidokeza wazo la makala haya katika kikao chetu, mwenzangu mmoja alicheka, akaniuliza nyumba ya manukato ya Wafaransa imeingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili, au nimeishiwa na riwaya za kuhakiki. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba jambo lililoisibu nyumba ya Coty ni jambo linalotuhusu sisi tunaoshughulikia kazi za sanaa: jina la mtunzi lilinawiri, likawa mali, likauzwa na kununuliwa, ilhali tungo zenyewe zilipotea. Aidha, sehemu ya vilivyomo katika chupa za enzi hiyo ilitoka katika bahari hii yetu.

Nitaongeza kwamba lugha yetu ina haki ya kushiriki mjadala wa harufu kuliko lugha nyingi. Mfaransa ana kitenzi sentir, akitumiacho kwa ua na kwa mzoga, kisha akasaidiwa na kielezi. Mswahili hutofautisha kunuka na kunukia, na tofauti yote hiyo huibeba kwa irabu moja tu iliyopachikwa ndani ya kitenzi. Ana shombo, ana vumba, ana uvundo, na kila kimoja kina mahali pake. Ana udi, uturi, ubani, halud na marashi; ana chetezo cha kufukizia na mrashi wa kunyunyizia. Jina manukato lenyewe limezaliwa na kitenzi hicho hicho. Lakini hebu yafungue makamusi yetu uone maneno haya yanavyoelezwa. Mara nyingi utaambiwa tu kwamba hili ni aina ya manukato, na lile ni ua linukialo vizuri. Linanukiaje? Kamusi limenyamaza. Turejee Paris.

Kama si harufu iliyojiuza, ni nini kilichouzwa? Coty alikuwa wa kwanza kuelewa kwa ukamilifu kwamba jicho hununua kabla ya pua. Kabla yake, manukato mengi yalitiwa katika chupa za kawaida, zinazokaribiana na zile za duka la dawa, na urembo ukaachiwa kasha na karatasi. Pale Place Vendôme alikuwako sonara mashuhuri, René Lalique, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kuvutwa na kioo. Coty alimwendea mnamo mwaka 1908, kwanza kwa ajili ya vibandiko, kisha kwa ajili ya chupa zenyewe. Mwaka 1909 Lalique alikodi kiwanda cha kioo huko Combs-la-Ville, na chupa zikaanza kutolewa kwa kalibu, nyingi kwa mpigo mmoja. Urembo ambao awali ungekuwa wa malkia mmoja ukawa wa maelfu ya wake wa makarani.

Hapo pana ujanja ambao hatuna budi kuustahi. Coty aliuza chupa kubwa kwa matajiri na chupa ndogo kwa wasio matajiri, lakini jina na harufu vikawa ni vile vile. Aliichukua harufu moja akaitia katika manukato, katika poda, katika sabuni, ili mwanamke aliyeanza na kopo la poda siku moja aifikie chupa. Huko Suresnes, pembeni mwa Paris, alijenga mji mzima wa viwanda na kuuita Mji wa Manukato. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha mwaka 1918, wanajeshi wa Marekani waliporudi kwao walibeba chupa za Kifaransa kama zawadi, na Coty akazifuata chupa hizo ng'ambo na kuanzisha kampuni huko. Kufikia miaka ya 1920 alikuwa mmoja wa watu matajiri kabisa nchini Ufaransa.

Katika usimulizi wa kawaida mambo huishia hapo: pua ya ajabu, chupa nzuri, utajiri. Ndani ya chupa hapatazamwi. Na mimi naona ndani ya chupa ndiko kwenye historia yenyewe.

Waundaji manukato wa kizazi cha Coty walirithi mapinduzi ambayo hawakuyafanya wao. Yalifanywa na wanakemia. Mwaka 1868 Mwingereza William Perkin aliunda maabarani kumarini, kitu chenye harufu ya majani makavu yaliyokatwa karibuni. Mwaka 1874 Wajerumani Tiemann na Haarmann waliunda vanilini. Mwaka 1893 Tiemann, pamoja na Krüger, alitoa ayononi, ambazo hunukia kama ua la urujuani. Kule Grasse nako, akina Chiris walikuwa wakitumia njia mpya ya kuyaosha maua kwa viyeyushi vinavyovukizwa, wakapata kiini kikali kuliko kile kilichopatikana kwa kuyatandaza maua juu ya mafuta ya wanyama na kungoja. Ubora wa Coty ni kwamba hakuona haya kuviweka viwili hivi katika sentensi moja: cha shambani na cha maabarani. Wenzake wengi walitumia vya maabara kwa kificho au kwa woga. Katika L'Origan ya mwaka 1905 alivifanya vipige kelele pamoja, urujuani wa maabara ukikutana na ukali wa viungo, na wanawake waliozoea maji mepesi ya maua walijikuta wamevaa kitu kizito, cha moto, kama mtu aliyezoea kijembe cha chinichini akakutana na tusi la wazi. Nasema hivi kwa sifa.

Ukali huo wa viungo unanirudisha karibu na nyumbani. Harufu ya ua ambalo Wafaransa huliita oeillet inafanana na ya karafuu, kwa sababu zote mbili zimejengwa juu ya kitu kimoja, eujenoli, ambacho ndicho sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Eujenoli hiyo ndiyo pia iliyogeuka kuwa malighafi ya vanilini viwandani mwanzoni mwa karne ya 20. Na karafuu ya dunia wakati huo ilitoka wapi zaidi? Unguja na Pemba. Sidai kwamba Coty aliwahi kukiwaza kisiwa cha Pemba. Nadai tu kwamba mtu anayeandika historia ya pua za Paris bila ya kutaja mchuma karafuu ameandika historia ya pua iliyokatwa kutoka usoni.

Karibu zaidi bado ni ua la mlangilangi. Mti huu asili yake ni Asia ya kusini mashariki, lakini Wafaransa waliupanda katika makoloni yao ya Bahari ya Hindi: Réunion, Nosy Be na visiwa vya Komoro. Mwaka 1907 iliundwa kampuni ya kikoloni ya Bambao, ambayo ilikuja kumiliki mashamba makubwa mno ya Komoro, hasa Nzwani, wakati wenyeji wakibanwa katika ardhi iliyobaki. Maua ya mlangilangi huchumwa alfajiri, kabla jua halijayachosha, na kazi hiyo kwa kawaida ni ya wanawake. Hutiwa ndani ya mtambo wa kukeneka, moto ukachochewa kwa saa nyingi, siku nzima na zaidi, na kile kinachotoka saa za mwanzo hutengwa na kinachotoka baadaye, kwa kuwa cha mwanzo ndicho chenye thamani. Lita moja ya mafuta hula kilo 50 hivi za maua. Visiwa hivyo, ambavyo lugha yake ni ndugu wa tumbo moja na Kiswahili, vilikuja kuwa mzalishaji mkuu wa mafuta ya mlangilangi duniani. Huko Grasse kwenyewe asumini ilichumwa kwa mikono ya wanawake vilevile, wengi wao wahamiaji maskini kutoka Italia. Mikono hiyo haikutiwa katika kibandiko cha Lalique.

Sasa niseme juu ya utungo ninaouona kuwa ndio bora wa nyumba hii. Mwaka 1917, vita vikiendelea, Coty alitoa manukato aliyoyaita Chypre, yaani Saiprasi, kwa jina la kisiwa cha mashariki mwa Bahari ya Mediterania. Hakulibuni jina. Manukato ya jina hilo yalikuwapo karne nyingi kabla yake, na nyumba ya Guerlain ilikuwa na yake. Alilofanya Coty ni kuukaza muundo. Juu aliweka bergamoto, tunda la jamii ya chungwa lenye ukali wa kuzindua. Katikati aliweka asumini na waridi. Chini kabisa aliweka utomvu wa labdanamu na kuvumwani ya mwaloni, kile kiotacho kama ndevu za kijivu kwenye magome ya miti, chenye harufu ya udongo mbichi, wino na mbao zilizolowa. Mwanga juu, kivuli chini, na katikati ua linalovutwa huku na huku.

Muundo huu ulishika. Uliigwa, ukajibiwa, ukapanuliwa. Mwaka 1919 Guerlain walitoa Mitsouko, ambayo ni Chypre iliyoongezwa harufu kama ya pichi. Kutoka hapo likazaliwa kundi zima la manukato, na hadi leo wataalamu wakiyapanga manukato kwa makundi huliita kundi hilo chypre, bila ya kumtaja Coty. Sisi tungeliita bahari. Kama vile mshairi anavyotunga utenzi bila ya kumwomba ruhusa yule aliyetunga wa kwanza, ndivyo waundaji walivyotunga chypre zao, kila mmoja na vina vyake, lakini mizani ni ile ile. Hili ndilo linalonifanya niseme kwamba manukato ni utunzi. Kuna arudhi yake. Kuna mwanzo, kati na mwisho, kwa maana kila kiungo huvukiza kwa kasi yake, na anayenusa husomewa kwa mpangilio uliopangwa na mtunzi. Mtu asiniambie kwamba kitu chenye wakati ndani yake, chenye marejeo kwa kazi zilizotangulia, na chenye wafuasi wanaojibizana kwa karne nzima, ni bidhaa tu kama kiberiti.

Guerlain, kwa njia, walimsoma Coty kwa makini kuliko mhakiki yeyote. Baada ya L'Origan walikuja na L'Heure Bleue mwaka 1912. Coty alitoa Emeraude mwaka 1921; Shalimar ya Guerlain ikafika sokoni mwaka 1925, na majirani hawa wawili wananukia kama ndugu. Leo Mitsouko, L'Heure Bleue na Shalimar zinaitwa kazi za kale zisizokufa. Zile za Coty zilizozitangulia nani anazijua? Guerlain ilikuwa nyumba ya ukoo, ambamo mtoto na mjukuu walifundishwa kuzitunza harufu za babu. Coty hakuacha mrithi wa pua.

Aliacha nini, basi? Hapa ndipo mighani inapofika kwenye anguko, na ndipo wasimulizi wa biashara huharakisha hatua. Fedha za manukato zilimpa Coty tamaa ya kuitawala siasa. Mwaka 1922 alilinunua gazeti la Le Figaro. Mwaka 1928 akaanzisha jingine, L'Ami du Peuple, maana yake Rafiki wa Watu, akaliuza kwa sentimu 10 wakati magazeti mengine yaliuzwa sentimu 25. Ujanja ni ule ule wa chupa ndogo: kuifikisha bidhaa kwa asiye na pesa. Lakini kilichotiwa katika chupa hii ya karatasi kilikuwa chuki dhidi ya Wayahudi, dhidi ya wageni, dhidi ya bunge, pamoja na sifa kwa utawala wa Mussolini. Alilifadhili kundi la Faisceau la Georges Valois, akawasaidia wengine wa mrengo huo, na mwaka 1933 akaanzisha la kwake, Solidarité Française, ambalo wafuasi wake walikuwa miongoni mwa walioingia mitaani Paris katika ghasia za tarehe 6 Februari 1934.

Tuna mjadala wetu wa siku nyingi kuhusu mtunzi na kazi yake, kama yafaa kuvitenganisha au la. Mara nyingi nimewasikia wanafunzi wakiumaliza kwa haraka: kazi ni kazi, mtunzi ni mtunzi. Kisa cha Coty kinalitatiza jibu hilo, kwa sababu hapa si suala la maoni ya mtunzi yaliyojificha baina ya mistari. Chypre haina chuki ndani yake. Kuvumwani haina mrengo wa siasa. Ila kila chupa iliyouzwa ililipia ukurasa. Bibi aliyepaka poda yake asubuhi ndiye aliyeipunguzia gazeti lile bei, bila ya kujua. Kwa maoni yangu harufu zinapaswa kuhifadhiwa na kusomwa, na magazeti yale yanapaswa kutajwa katika ukurasa ule ule, si katika tanbihi. Kusifu pua na kunyamazia fedha zake ni kufanya kazi ya mtangazaji wa biashara, na kazi hiyo ina watu wake tayari.

Anguko lenyewe lilikuwa la haraka. Mkewe, Yvonne Le Baron, waliachana mwaka 1929, mwaka ule ule soko la hisa la New York lilipoporomoka. Deni la talaka lilikuwa kubwa, na Coty alishindwa kulilipa lote. Umiliki ukamtoka mikononi, pamoja na Le Figaro. Alifariki huko Louveciennes tarehe 25 Julai 1934, akiwa na umri wa miaka 60. Mwaka 1963 kampuni iliuzwa kwa Pfizer, watengenezaji wa dawa, na mwaka 1992 ikaingia mikononi mwa Benckiser wa Ujerumani. Mwaka 2013 hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la New York, na mwaka 2016 ikatwaa chapa kadhaa za urembo kutoka Procter & Gamble. Jina Coty, lile lililotungwa kwa kubadilisha irabu moja, sasa ni jina la kampuni kubwa ya dunia inayouza manukato yenye majina ya watu wengine.

Na Chypre? Iliondolewa sokoni. Si hilo tu. Hata mtu akiwa na kanuni yake iliyoandikwa, hawezi kuitengeneza Ulaya kama ilivyokuwa na kuiuza, kwa kuwa kuvumwani ya mwaloni ina vitu viwili, atranoli na kloroatranoli, vinavyoweza kuwadhuru wenye ngozi nyepesi. Umoja wa Ulaya ulipitisha katazo mwaka 2017, na kufikia Agosti 2021 bidhaa zenye vitu hivyo zilipaswa kuwa zimetoka madukani. Kuvumwani iliyosafishwa inaruhusiwa, lakini harufu iliyosafishwa ni kama utenzi uliofutwa beti zinazokwaza. Siilaumu sheria, ngozi ya mtu ni bora kuliko umaarufu wa utungo. Ninachosema ni kwamba tuna hapa kazi iliyozaa bahari nzima, na msomaji wa kawaida hawezi kuisoma.

Penye nafuu ni pamoja tu. Mwaka 1990 mjini Versailles ilifunguliwa Osmothèque, hifadhi ya harufu, chini ya uongozi wa mwundaji manukato Jean Kerléo. Humo harufu zilizopotea hutengenezwa upya kwa kufuata kanuni za asili, kisha huwekwa gizani, katika ubaridi wa nyuzi 12, zikiwa zimefunikwa na gesi ya arigoni ili hewa isiziharibu. Chypre ya Coty imo. Anayetaka kuijua hupewa kijiti cha karatasi kilichochovywa, akinuse. Fikiria maktaba ambayo msomaji haruhusiwi kuondoka na kitabu, na ambamo kitabu chenyewe humvukiza mkononi akiwa bado anasoma. Nasi tuna miswada yetu ya zamani iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, iliyolala majumbani na kuliwa na mchwa, na twajua thamani ya chumba chenye ubaridi.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba nimelikweza jambo dogo, na kwamba harufu haiwezi kuwa kazi ya sanaa kwa kuwa haina maneno wala umbo. Hawako peke yao. Tarehe 13 Juni 2006 mahakama ya juu ya Ufaransa, nchi ya Coty na Guerlain, iliamua kwamba harufu ya manukato ni matokeo ya ufundi tu, na kwa hivyo haistahili hakimiliki anayopewa mwandishi. Siku tatu baadaye, tarehe 16 Juni, mahakama kuu ya Uholanzi ikaamua kinyume katika kesi ya Lancôme na kampuni ya Kecofa: harufu inaweza kuwa kazi ya mtunzi na kulindwa kama kazi nyingine. Mimi nasimama na Waholanzi. Sheria ya Ufaransa inalilinda jina lililo juu ya chupa, inaulinda umbo wa chupa, inalilinda na tangazo linaloining'iniza ukutani. Kile kilichomfanya mtu aifungue chupa ndicho kilichoachwa uwanjani.

Na soko linakubaliana na mahakama hiyo. Chupa za Lalique alizoagiza Coty huuzwa minadani kwa bei ambayo mchuma mlangilangi wa Nzwani haioni maishani mwake. Zilizo tupu zina bei yake. Zenye bei kubwa zaidi ni zile ambazo hazijafunguliwa kamwe, kizibo kikiwa kimefungwa uzi wake wa kiwandani na kimiminika kimegeuka rangi ya chai, na anayezinunua hujua kwamba akizifungua tu, anusie, thamani imekwisha.